Kilwa: mtu wa msaada akikulomba kitu, uende kusema wapi?

Kipindupindu kikishika vijiji vya ziwa Mweru, ao watu wakifika wanakimbia vita na matandiko ku kichwa, haipiti siku mingi utaona motoka nyeupe zenye alama ku mlango. Nyuma ya motoka inakuja lisiti. Nyuma ya lisiti, jeto. Na nyuma ya jeto kuko mtu mmoja, mara mingi kijana wa hapa hapa, mwenye kushika biki na kuandika nani atapata bashi, nani atapata ndoo na sabuni, nani atapewa kazi ya siku kumi na tano ya kutia klorini mu maji ya wamama pale ku mwambao. Leo tunataka kusema juu ya mtu huyo na biki yake.

Mu familia ya mchimbaji jambo hili liko karibu sana, juu bwana hakai ku nyumba. Anaenda karieri, anakaa wiki tatu, mwezi mzima. Wakati mwingine anarudi na feza, wakati mwingine anarudi na deni ya negosian. Lisiti inapita wakati yeye hayuko. Mwenye biki anakuta mama na mabinti. Anauliza: « Papa iko wapi? » Mama anajibu kama iko ku karieri. Na pale njo maneno inaweza kuanza: « Basi nitarudia mangaribi, tuhakikishe. » Ao ile ingine yenye kila mtu wa Katanga anaisikia bila kufasiriwa: « Mama, jina yako nitaitia, lakini na weye ujue namna ya kunishukuru. »

Wengi wanafikiri hii ni desturi tu, sawa vile unampatia mtu wa biro kitu kidogo juu karatasi yako itembee. Hapana. Kwa kanuni za mashirika yenyewe, akikulomba mwili juu ya jina ku lisiti, hata kama hajakugusa, ni kosa kubwa lenye kutosha kumfukuzisha kazi. Kanuni hiyo imeandikwa. Yeye mwenyewe aliitia sahihi siku alipoanza kazi. Ni wewe tu njo hawakukusomea.

Kanuni zilitoka wapi

Mambo yalijulikana mwaka 2002. Watu wa HCR na wa Save the Children walikuwa wamezungumza na watoto mu kambi za wakimbizi za Guinea, Liberia na Sierra Leone, na watoto wakawaeleza namna wafanyakazi wa msaada walivyokuwa wanabadilisha unga, mafuta na bashi kwa miili ya wasichana. Mwaka ule ule mashirika makubwa yakakubaliana kanuni sita. Mu mwezi wa 10 mwaka 2003, Kofi Annan, mwenye alikuwa mkubwa wa ONU, akazitia mu amri kwa watu wake wote. Toka pale ONG nyingi zenye kufika kwetu, kubwa ao ndogo, za wazungu ao za kanisa, zimezikopi mu karatasi yenye wanaita « code de conduite ». Jina ni la Kifaransa, na mara mingi karatasi pia ni ya Kifaransa, imebandikwa ndani ya biro, nyuma ya mlango wenye sentineli. Mwenye kuihitaji iko inje.

Hatutazisoma zote sita, lakini kuko zenye zinagusa nyumba yako moja kwa moja. Kwanza miaka. Mfanyakazi wa msaada hana ruhusa ya kulala na mtu mwenye hajafika miaka 18, hata kama mu kijiji binti wa 16 anaolewa, hata kama wazazi wamekubali, hata kama mahari imelipwa. Akisema « nilizania iko mukubwa », kanuni inajibu kama neno hilo halimtetei. Ni yeye alipashwa kujua. Kisha kuko kubadilisha: hakuna kutoa feza, kazi, chakula, jeto ao kitu chochote juu ya kulala na mtu. Na hapa kanuni inaenda mbali kuliko watu wanavyofikiri. Hata kulipa mwanamke wa bar siku ya konje, fasi yenye hakuna lisiti wala bashi, kumekatazwa. Na iko ingine yenye wafanyakazi wenyewe wanapenda kuisahau: mwenye kuona ao kusikia mwenzake anafanya vile, hata kama ni wa shirika ingine, anapashwa kusema. Akinyamaza, naye amekosa.

Nani anafungwa na kanuni hizi? Si paka mukubwa mwenye kushuka na ndege toka Kinshasa. Shofere iko ndani. Sentineli wa depo, mama mwenye kupika ku base, mwashi mwenye kujenga choo kwa kontra ya mwezi mmoja, reko mwenye kupita nyumba kwa nyumba na kupata paka tisheti na franka kidogo ya siku. Mtu wa kujitolea anafungwa sawasawa na mwenye mshahara. Hii inashangaza wengi. Tumesikia watu wakisema: « Ule hana hata kontra, watamufanya nini? » Watamtosha kazi, watamwandika, na kama ni kosa la sheria, parke haiulizi kama ulikuwa na kontra.

Wengine watatuambia: kama ni watu wawili wakubwa na wanapendana, ONG inaingilia nini? Swali ni la haki. Mu mji mdogo sawa Kilwa, reko ni kaka ya mtu, ni muchumba wa mtu, alikuwa na mpenzi wake mbele lisiti haijafika. Hakuna mwenye anamwambia aachane na bibi yake. Lakini kama cheo chake njo kilifungua mlango, maneno ya mapenzi hayahesabiwi tena. Mtu mwenye kuweza kukutosha ku lisiti kesho, utamkatalia je leo? Kwa upande wetu tunaona kama kijana mwenye kuwa na muchumba kati ya watu wa lisiti aseme wazi kwa mkubwa wake, na lisiti ya kartie ile ipewe mtu mwingine. Ni kazi ya dakika tano.

Tuseme pia neno la haki juu ya vijana hao, juu wengi wanafanya kazi yenye sisi hatuiwezi. Wakati wa surua ao kipindupindu wanaingia nyumba zenye wengine wanazikimbia. Kanuni muzuri zinawakinga nao. Reko asiingie mu nyumba yenye mtoto iko peke yake; asimame ku mlango, aite jirani. Shofere asibebe msichana mu motoka ya kazi bila sababu ya kazi. Hakuna kupiga mtoto foto bila mzazi kukubali, hata kama wakubwa wa Ulaya wanazipenda foto zile. Hakuna kuachia mabinti nimero ya simu « juu ya mambo ya lisiti ». Na hakuna kukamata kuku, hata akipewa na roho safi, juu kesho jirani mwenye hana kuku atajiuliza kama jina lake litaandikwa. Kijana mwenye kufuata haya, siku mtu akimsingizia, atakuwa na mashahidi.

Msichana wa kadi za simu

Mwenye kufikiri kama hizi ni hadithi za mbali aangalie Beni.

Ebola ilitangazwa mu Kivu ya Kaskazini tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018, ikatangazwa kuisha tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020. Watu 2.287 walikufa. Wakati ule feza ya msaada iliingia mingi, motoka za kukodi zilijaa barabara, na kila kijana alitafuta kontra: kuosha mikono ya wapita njia, kupika, kufagia mu hopitali. Kwa wanawake wengi kontra hiyo ilikuwa na mlango wa nyuma. Mu mwezi wa 9 mwaka 2020, waandishi wa The New Humanitarian na wa Thomson Reuters Foundation walichapisha habari za wanawake 51 wenye walieleza kama watu wenye kujitambulisha kuwa wafanyakazi wa msaada waliwalomba mwili ao waliwatumia vibaya.

OMS, shirika la ONU la afya, iliunda tume. Wakubwa wake walikuwa wanawake wawili: Aïchatou Mindaoudou wa Niger, na Julienne Lusenge, mwana-Congo mwenye amepigania wanawake wa mashariki miaka mingi. Ripoti ilitoka tarehe 28 mwezi wa 9 mwaka 2021. Tume ilihesabu watu 83 wenye kushitakiwa, na 21 kati yao walikuwa watu wa OMS yenyewe. Kulikuwa mashitaka tisa ya kubaka. Wanawake wengine walibaki na mimba, na wengine walisema mwanaume aliwasukuma kuzitosha.

Hadithi moja mu mambo yale inafanana sana na maisha ya nyumba za wachimbaji. Msichana mmoja, hajafika hata miaka 15, alikuwa anauzisha kadi za simu kando ya barabara ku Mangina, mu mwezi wa 4 mwaka 2019. Kama alivyosimulia, shofere wa OMS alisimamisha motoka, akamwambia apande, atamfikisha kwao. Hakumfikisha kwao. Alimpeleka mu hoteli, akambaka, na msichana akazaa. Hakuwa mgonjwa wa Ebola. Jina lake halikuwa ku lisiti yoyote. Alikuwa paka pale barabarani, sawa mabinti wetu wenye kuuzisha kadi, mandazi na maji ya baridi ku njia ya karieri, na motoka nyeupe ikasimama.

Kuko jambo lingine lenye lilitukasirisha zaidi. Mu kesi ingine, shitaka lilifika mpaka kwa wakubwa, na jibu likawa kama hakuna uchunguzi wa kufanya, juu mwanamke mwenyewe hakuwa « bénéficiaire », yaani hakuwa mtu mwenye kupokea msaada wao. Kanuni ilikuwa inakinga wapokeaji, na yeye hakuwa mpokeaji. Kwa hiyo lile halikuwa kosa la kuchunguza. Tujiulize, mu mji wenye ugonjwa, wenye kila mtu anapimwa joto ku kila njia panda, mpokeaji ni nani na asiye mpokeaji ni nani? Msichana wa kadi za simu tumtie upande gani? Mwaka 2023 OMS ilibadilisha sheria yake na kuondoa tofauti ile. Tunasema ni muzuri. Lakini mwenye kuleta mradi Kilwa leo aulizwe wazi kama karatasi yake inakinga paka watu wa lisiti, ao kila mtu mwenye motoka yake inampita barabarani.

Tume iliona pia kama wengi wa washitakiwa walikuwa wana-Congo wenyewe, watu wa kontra fupi, wenye walitumia uwezo wenye walikuwa nao ao wenye walionekana kuwa nao. Hilo la mwisho tulisikie muzuri. Kijana mwenye kubeba makarato hana uwezo wa kumpatia mtu kazi. Lakini iko na jile, iko na kadi ku kifua, iko na walkie-talkie. Mama hajui kama hana uwezo. Basi anao.

Na wale wanawake wa Beni walipata nini? Mwishoni mwa mwaka 2023 shirika la habari la AP liliandika kama OMS ilikuwa imepatia wanawake 104 wa Congo dola 250 kila mmoja. Wengine wengi hawakuonekana tena, walikuwa wamehama. Msomaji wa karieri anajua hesabu ya dola 250: koloya, masaa, deni ya duka, imeisha. Mtoto mwenye alizaliwa ku Mangina bado anakula.

Kilwa inaijua njia ya malalamiko

Kwa nini tunaita Kilwa, wakati Beni iko mbali? Juu watu wa Kilwa wanajua, kuliko wengi, uchungu wa kuwa na jambo la kweli na kukosa mlango wa kulipeleka. Mu mwezi wa 10 mwaka 2004 kikundi kidogo cha waasi kiliingia mji. Siku yenye kufuata jeshi likaurudisha, na MONUC ikahesabu watu wasiopungua 73 wenye walikufa. Motoka za kampuni ya Anvil Mining, yenye ilikuwa inachimba ku Dikulushi, zilitumika kubeba askari. Kampuni ilikubali kama zilitumika, ikasema jeshi lilizilomba na haikuwa na njia ya kukataa. Mwaka 2007, tarehe 28 mwezi wa 6, tribinali ya jeshi mu Lubumbashi ikawaachilia washitakiwa wote kwa mambo ya Kilwa, askari na watu wa kampuni. Ilibidi kwenda mpaka Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, na uamuzi wake ulitangazwa mwaka 2017: Serikali ya Congo iwalipe watu wanane dola milioni 2,5, na uchunguzi ufunguliwe upya.

Hatulinganishi bunduki na lisiti. Tunasema juu ya njia. Kati ya siku ile na uamuzi ule imepita miaka zaidi ya kumi na mbili, na kilichotembea mu njia ile yote ni kile kilichokuwa kimeandikwa: jina, siku, fasi, nani aliona, motoka gani. Kile chenye hakikuandikwa kilikufa na wenyewe.

Kwa hiyo, mtu wa msaada akifanya vibaya, kitu cha kwanza kisha kumpeleka mwenye kuumizwa fasi yenye usalama ni kuandika. Hata mu kaye ya shule ya mtoto. Siku gani, saa gani, alama gani ku motoka, nimero ya plaki kama ilionekana, alisema nini kwa maneno yake mwenyewe. Usibadilishe maneno kuwa ya adabu. Kama alisema neno chafu, liandike chafu. Mesaji za simu zisifutwe, hata kama zinatia haya.

Kama ni kubaka, hopitali inakuja mbele ya polisi. Kuko dawa ya kuzuia VIH, lakini ianze mbele ya saa 72 kupita, na kila saa yenye kupotea inapunguza nguvu yake. Mu siku zile za kwanza munganga anaweza pia kutoa dawa ya kuzuia mimba. Nguo zisifuliwe, zifungwe mu kitambaa ao mu karatasi, si mu sashe ya plastiki. Mwambie munganga aandike kile alichoona. Karatasi ile itasafiri kuliko mtu yeyote.

Kisha kuko jambo lenye linatuuma kusema, juu linatugusa sisi wanaume. Papa anarudi toka karieri, anakuta maneno imetokea, na jioni ile ile wakubwa wa familia mbili wanakaa. Mbuzi mbili, dola mia, bia, imeisha. Binti hakuulizwa kitu. Sheria za Congo za tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 2006 hazikubali vile. Kulala na mtoto wa chini ya miaka 18 kunahesabiwa kubaka, na kubaka ni kifungo cha miaka mitano mpaka makumi mbili. Sheria inaongeza uzito kama mkosaji ni munganga, muforomo ao msaidizi wa jamii na alimfanyia mtu mwenye alikuwa mu ulinzi wake. Kulipa faini haifungi kesi ya namna hii. Sheria inasema tena kama uchunguzi wa kwanza usipite mwezi mmoja, na hukumu itoke mu miezi mitatu. Tunajua, toka Kilwa mpaka Lubumbashi ni karibu kilometa 350, na wakati wa mvua barabara inakula siku. Tunajua miezi mitatu ya sheria na miezi mitatu ya kweli si ndugu. Lakini papa mwenye kukamata mbuzi anamfundisha mwenye biki bei ya binti mwenye kufuata.

Na shirika lenyewe? Kuambia shirika hakuzuie kwenda parke, wala parke haizuie kuambia shirika. Shirika halifungi mtu mu gereza, lakini linaweza kumtosha kartie siku ile ile, na linaweza kuzuia aende kuandikwa kazi fasi ingine. Hilo la mwisho lilikuwa tundu kubwa. Mkubwa wa Oxfam mwenye aliondoka Haiti mwaka 2011 juu ya mambo ya wanawake alipata kazi kwa shirika lingine, ku Bangladesh. Dunia ilikuja kusikia mambo ya Haiti paka mwaka 2018. Toka 2019 kuko mapatano yenye mashirika mengi yameingia: mbele ya kuandika mtu, waulize mashirika ya zamani kama aliwahi kushitakiwa mambo haya. Mapatano hayo yanafanya kazi kama shitaka liliandikwa kwanza. Familia ikinyamaza Kilwa, kijana anahamia Pweto na barua muzuri mu mfuko.

Shida ni mlango. Mara mingi wanaweka sanduku la malalamiko ku biro, na ufunguo unakamatwa na ule ule mkubwa wa lisiti. Ao nimero ya simu, yenye inalipisha inite, na mwenye kuitika anasema Kifaransa cha Gombe. Mama wa samaki hatatia karatasi mu sanduku lile, hata kama anajua kuandika. Hatumlaumu. Mlango wa kweli uko mbali na mwenye biki: mwanamke mwenye kusikiliza, mwenye kusema Kiswahili na Kibemba, mwenye kufika ku soko na ku mwambao wala si ku biro tu, na nimero ya bure yenye kuitikwa na mtu wa Lubumbashi ao wa mbali zaidi, mwenye hali ugali na shofere. Ng'ambo ya ziwa pia iko hivyo. Familia zenye zilikimbilia Zambia mwaka 2017 na kuishia mu kambi ya Mantapala, upande wa Nchelenge, wana haki ya swali lile lile kwa kila mwenye kuwagawia unga.

Na tusifikirie paka ONG. Toka sheria ya migodi ya mwaka 2018, kampuni inatosha 0,3 kwa mia ya feza ya mauzo yake juu ya maendeleo ya vijiji vya jirani, na kuko « cahier des charges » yenye kampuni na wenyeji wanatia sahihi pamoja. Kwa hiyo kisima, shule na santre ya afya vinakuja na komite, na komite inakuja na lisiti, na lisiti inakuja na biki. Nani ataandikwa kazi ya kujenga shule? Mtoto wa nani atapata feza ya masomo? Tumeona mikutano yenye watu wanabishana siku mbili juu ya bei ya mabati. Juu ya namna watu wa komite watakavyojichunga na mabinti wa kijiji, hata mstari mmoja. Mstari ule unaweza kutiwa, sahihi ya mwenyeji iko na nguvu pale.

Mkutano wa kwanza wa mradi unafanyika kwa shefu. Kuko viti vya mbele, kuko soda, mgeni anaeleza Kifaransa na kijana anafasiri. Mwisho anauliza kama kuko swali, na wanaume wanauliza juu ya kazi. Mama mmoja asimame pale pale, mbele ya wote, aulize: « Siku mtu wako akimukosea mutoto wangu, niende kwa nani? Na kama ni weye mwenyewe njo umekosa, niende kwa nani? » Mgeni akijibu kama waje kwake, shefu asifunge mkutano.